Tulibishania kompyuta, kumbe riwaya inazungumzia ajira

Wakusanye waandika programu watatu, seva ziwe zimetulia, halafu uone kama ubishi utachelewa. Mada zinajulikana: kihariri kipi ni bora, lugha ipi imepitwa na wakati, nani alivuruga hifadhidata ile siku. Kwenye timu niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote, mada ambayo haikufa ilikuwa riwaya za saibapanki, zile za miaka ya themanini na tisini zenye makampuni yenye nguvu kuliko serikali, miji isiyolala, na mdukuzi mwenye madeni anayeishi kwa vibarua. Tulizibishania kwenye zamu za usiku, tulizibishania tukisubiri majaribio yaishe, na mara nyingine katikati ya kikao kilichoitishwa kwa jambo jingine kabisa. Wapo walioona tunapoteza muda. Mimi ubishi ule umenifaa kazini kuliko semina zote nilizolipiwa.

Ulikuwa na utaratibu wake. Mgeni akiingia kwenye timu anapewa Neuromancer ya William Gibson, iliyotoka mwaka 1984, na sisi tunasubiri afike pale Case, mdukuzi wa kitabu, anapohangaika kumpata mnunuzi wa megabaiti tatu za RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ya wizi. Hapo kila mgeni huangua kicheko. Megabaiti tatu! Kijana wetu wa kurasa za mbele, zile ambazo mtumiaji huziona, alicheka mpaka akaondoka mezani. Akirudi anakutana na mzee wa seva, ambaye amelisubiri swali hilo kwa hamu: kompyuta ya Macintosh ya kwanza ilitoka mwaka huohuo wa 1984 ikiwa na kilobaiti 128 za RAM, kwa hiyo Case alikuwa na mali ya Macintosh 24 mfukoni. Kijana naye hakubali kushindwa kirahisi. Anaruka hadi Istanbul, ambako Case anapita mbele ya safu ya simu za umma hotelini na kila simu inalia mara moja tu anapoifikia. Mwandishi gani wa wakati ujao, anauliza, anaitabiri intaneti na kuisahau simu ya mkononi?

Ubishi wa namna hiyo unaweza kula usiku mzima. Nimeushuhudia ukiula. Na kila mara huishia kwenye habari ambayo watu wa kompyuta huisimulia kwa mchanganyiko wa furaha na kinyongo: Gibson aliiandika riwaya ile kwa taipureta. Kompyuta hakuwa akizijua. Mwenyewe amesimulia kwamba alipokuja kununua yake alishtushwa na kelele za diski ikizunguka, maana kichwani mwake kompyuta ilikuwa kitu cha kimya. Mzee wa seva anaipenda hadithi hiyo kupita kiasi. Kwake inathibitisha kwamba mtu asiyejua mashine anaweza kuona mbali kuliko fundi. Kwa kijana inathibitisha kwamba sote tunasujudia kitabu cha mtu aliyekuwa anabahatisha.

Hapo ndipo tulipokuwa tumekwama, kwa raha zetu, mpaka alipokuja dada wa upimaji.

Kazi yake ni kuchukua programu ambayo sisi tunaapa kwamba imekamilika na kutafuta mahali inapovunjika. Riwaya hizi hakuwa amesoma hata moja, na ukweli ni kwamba baadhi yetu walimwonyesha hivyo. Katika fani yetu vichekesho ndivyo kadi ya uanachama. Faili za msimbo wa lugha ya Perl hufunguliwa na nukuu kutoka vitabu vya Tolkien. Kuna waraka rasmi wa intaneti, RFC 2324 wa tarehe 1 Aprili 1998, unaoweka itifaki ya kuendesha birika la kahawa, na ndiko ilikotoka ile namba 418 ambayo seva huitoa kujitambulisha kuwa ni birika la chai. Upo hata waraka wa mwaka 1990, RFC 1178, unaokushauri namna ya kuipa kompyuta jina. Mimi navipenda vyote hivi, sioni aibu. Ila nimeona pia mtu mwenye akili kali akikaa kimya kikao kizima kwa sababu tu wenzake wanachekea jambo ambalo hakulikulia, na kimya chake kikahesabiwa kuwa hajui kazi.

Huyu dada hakukaa kimya. Aliazima kitabu, akakimaliza, akaja na swali moja: "Kaka zangu, huyu Case ameajiriwa na nani hasa?"

Tukajibu kwa pamoja, Armitage. Akasema hapana, rudini msome.

Na akaanza kutusomea kile kitabu upya, kwa jicho lake la upimaji. Case aliwaibia waajiri wake wa zamani. Hawakumwua; walimdunga sumu iliyoharibu mishipa yake ya fahamu ili asiweze tena kuingia kwenye mtandao, yaani walimwondolea uwezo wa kufanya kazi pekee anayoijua. Anakuja Armitage, analipia upasuaji, Case anapona. Lakini kwenye kuta za mishipa yake ya damu vimepachikwa vifuko vya sumu ileile, na vinayeyuka polepole. Ukimaliza kazi kwa wakati, vinaondolewa. Usipomaliza, unarudi ulikotoka. Armitage mwenyewe ni sura tu. Nyuma yake kuna Wintermute, akili mnemba ya familia tajiri inayoishi angani, na akili hiyo ina shida yake binafsi: inataka kujinasua kwenye mipaka iliyofungiwa. Case anafanya sehemu kubwa ya kazi bila kujua anamfanyia nani, wala kazi yenyewe ni ipi.

"Hicho ni kibarua cha kupitia wakala," dada akasema. "Malipo mwishoni, adhabu ya kuchelewa, mteja hajulikani. Nyie mnahesabu RAM."

Mzee wa seva alicheka hadi akafuta miwani. Kijana alinuna. Mimi nilinyamaza, kwa sababu wakati huohuo nilikuwa na mkataba wa pembeni ambao ungeweza kuingia kwenye riwaya ile bila kubadilishwa sana.

Nilikuwa nafanya kazi chini ya wakala ambaye naye alikuwa chini ya wakala mwingine. Kila wiki naletewa majedwali mawili makubwa na jukumu langu ni kuandika programu ya kuoanisha safu za hili na za lile. Majina ya safu wima yalikuwa yamefutwa, zimebaki herufi na namba tu, lakini ukikaa na data kwa muda inajisema yenyewe. Hii ni namba ya simu. Hii ni tarehe ya kuzaliwa. Hii inapanda na kushuka mwisho wa mwezi, basi ni fedha. Nikauliza matokeo yanatumika wapi, nikajibiwa kwamba nimesaini kiapo cha kutunza siri. Kwamba nisitoe siri, sawa, sikutoa. Lakini siri yenyewe mimi sikuambiwa. Kifungu kingine kilisema malipo yatatoka baada ya mteja wa mwisho kuridhika, na mteja wa mwisho hakutajwa jina popote. Kingine kilisema msimbo wowote nitakaoandika katika kipindi cha mkataba, hata usiku nyumbani kwa kujifurahisha, ni mali yao.

Tangu wakati ule, kabla ya kusaini, nauliza mambo yaleyale aliyoyauliza dada juu ya Case. Anayelipa ni nani, na anayempa huyo fedha ni nani? Data ni ya nani, na mwenyewe anajua iko hapa? Nikitaka kuacha kazi katikati, nini kinabaki mikononi mwenu? Majibu hutofautiana kwa namna ya kufurahisha. Wakala mmoja alipokea barua yangu ya maswali akatoweka kabisa, kama hajawahi kunitafuta. Mwingine alinijibu aya kwa aya, akafuta kifungu cha kazi za usiku bila ubishi, na akaongeza kwamba hakuna aliyewahi kukilalamikia. Nilimwamini. Wengi wetu husoma nyaraka za maktaba ya programu mpaka tanbihi ya mwisho, mkataba tunausaini kwenye simu tukiwa foleni.

Baada ya hapo ubishi wetu ulibadilika sura. Tulihamia Snow Crash ya Neal Stephenson, ya mwaka 1992, ambayo kijana aliitetea kwa sababu mwandishi wake walau anajua kompyuta. Na kweli anajua. Ule Mtaa mkuu wa dunia yake ya bandia, Metaverse, una mzunguko wa kilomita 65,536, yaani mbili kwa kipeo cha kumi na sita, na mtu wa programu akiiona namba hiyo anatabasamu kabla hajajua kwa nini. Wanaoingia kupitia mashine za umma wanaonekana kwa rangi nyeusi na nyeupe, zenye chengachenga, na wenye vifaa vya bei wanawaangalia kwa dharau. Hiyo pekee ni sosholojia tosha.

Lakini dada alikuwa ameshatuharibu macho. Safari hii ni mzee wa seva aliyetangulia kuuliza: huyu Hiro, shujaa wa kitabu, aliyekuwa miongoni mwa walioandika msimbo wa mwanzo wa dunia ile, anaishi wapi? Anaishi kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo cha kukodi, pamoja na mwenzake mwanamuziki. Tunapokutana naye anapeleka piza. Wengine wamekuwa matajiri juu ya msimbo aliousaidia kuandika. Yeye kabakiwa na kadi inayomtangaza kuwa mdukuzi wa mwisho wa kujitegemea na bingwa wa upanga. Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilibadilisha jina ikajiita Meta, na neno la Stephenson likawa kwenye kila taarifa ya habari. Miwani ya kuingilia dunia ile ya bandia waliichukua. Sikusikia mtu akikitaja chumba cha mizigo.

Katika riwaya hiyohiyo kuna sehemu ambayo sisi tuliipita mbio kwa sababu haina upanga. Mama yake Y.T., yule msichana wa kupeleka vifurushi, ni mwandika programu serikalini. Anaandika vipande vya mfumo ambao haruhusiwi kuujua wote. Asubuhi moja unaingia waraka mrefu wa kuchekesha kuhusu wafanyakazi kuchangishana karatasi za chooni, na kompyuta inapima kila mtu anausoma kwa muda gani. Akiusoma haraka sana, anaitwa kuzungumzwa naye. Akichelewa, haaminiki. Akitumia dakika zilezile zilizokadiriwa, bila kuzidi wala kupungua, anashukiwa kuwa mjanja. Basi mama yule anausogeza ukurasa kwa mwendo uliopimwa, na hapa na pale anarudi nyuma kidogo ili aonekane anarejea jambo muhimu.

Mimi nimeyaishi haya. Mwajiri mmoja alitufungia programu ya kupiga picha za kioo kwa kushtukiza na kuhesabu kila kibonyezo cha kibodi, kisha kila Ijumaa inatoka asilimia ya bidii ya kila mtu. Anayejua kazi yetu anajua kwamba hitilafu ngumu hutatuliwa mtu akiwa ameegemea kiti anatazama dari. Kwa hesabu za ile programu, huo ni usingizi. Ndani ya muda mfupi watu walijifunza: unaandika maelezo marefu, unayafuta, unayaandika tena. Asilimia zikapanda, kazi ikadorora. Mwenzetu aliyekuwa hodari kuliko sote alikuwa na alama za chini kabisa mpaka alipoanza naye kucheza na kipanya wakati anafikiri. Meneja akampongeza kwa kubadilika.

Kuna hadithi moja ambayo kwangu inaeleza vizuri tabia hii yetu ya kuchukua kifaa na kuacha kilichokuwa kinazungumzwa. Mwaka 1975, kabla saibapanki haijapata hata jina, John Brunner alichapisha The Shockwave Rider. Shujaa wake anakimbia dola inayomfuatilia kila mtu kwa kompyuta, na silaha yake ya mwisho ni programu inayojisambaza yenyewe mtandaoni, aliyoiita mnyoo, ambayo inazifungua siri za wakubwa ziwe mali ya umma. Miaka michache baadaye watafiti wawili wa kituo cha Xerox PARC, John Shoch na Jon Hupp, walitengeneza programu za kutumia kompyuta zilizokaa bure usiku, wakalichukua jina la Brunner. Maelezo yao ya mwaka 1982 yana kisa ambacho mtu yeyote wa zamu atakisoma akiwa amejishika kichwa. Waliacha mnyoo mdogo ukifanya kazi, wakaenda kulala. Asubuhi mashine zimekufa jengo zima. Unaiwasha upya, mnyoo unaigundua, unajipakia, inakufa tena. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa wameacha mlango wa dharura: ujumbe maalumu wa mtandao wa kuisimamisha minyoo yote kwa mpigo. Nimetafuta mlango kama huo kwenye kila mfumo wa kujiendesha nilioukabidhiwa, na mara nyingi haupo.

Robert Morris, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, naye hakuwa nao alipouachia mnyoo wake tarehe 2 Novemba 1988. Ulikuwa unauliza kama nakala nyingine iko tayari kwenye mashine, lakini kwa kuhofia kudanganywa, mara moja katika kila saba ulijipakia hata ukijibiwa ndiyo. Hiyo moja katika saba ndiyo iliyozidisha nakala mpaka mashine zikapooza. Alihukumiwa miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Leo ukimtajia mtu wa programu mnyoo, atakueleza hesabu ya moja katika saba vizuri sana. Kwamba jina lilitoka kwa mtu aliyekuwa anauliza nani ana haki ya kumjua nani, hilo sikuwahi kulisikia kazini mpaka mzee wa seva alipoleta nakala yake iliyochakaa.

Siku hizi ubishi umehamia kwa akili mnemba, na nilifikiri riwaya zingepumzishwa. Wapi. Kijana ndiye aliyeturudisha. Kwenye Neuromancer kuna Dixie Flatline, gwiji wa udukuzi aliyekwisha kufa, ambaye ujuzi wake umehifadhiwa kwenye kikasha cha kumbukumbu isiyoandikika. Anaongea, anatania, anajua kazi yote. Lakini ukimchomoa na kumchomeka tena, hakumbuki mlichozungumza. Kijana akasema ndivyo ilivyo ile programu inayomsaidia kuandika msimbo: kila mazungumzo mapya, salamu upya. Akajivunia ugunduzi wake, na alikuwa na haki.

Dada wa upimaji akauliza kikasha kilikuwa cha nani.

Kilikuwa mali ya kampuni, Sense/Net, kimewekwa kwenye hazina yake, na ndiyo maana ilibidi Case na Molly, mwenzake wa kazi, wakakiibe. Ujuzi wa mtu umetenganishwa na mtu, mtu amezikwa, ujuzi una hatimiliki. Dixie mwenyewe ana ombi moja tu kwa Case, kwamba kazi ikiisha amfute. Tulibishana hadi usiku wa manane kama misimbo yetu ya miaka yote, tuliyoimwaga hadharani bure kwa moyo wa programu huria, si vikasha vya namna hiyo. Mzee wa seva anasema kilichotolewa bure kimetolewa, usilie. Mimi nasema aliyetoa alitoa kwa masharti ya leseni, na leseni ina maneno. Hatukuelewana na bado hatujaelewana.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya dada lilitoka kwa kijana. Alisema tunamfanya Case mnyonge wakati hakuwa mnyonge. Anaipenda kazi. Akiwa amekatwa na mtandao anaota mtandao, angeifanya bure. Na mwishoni alilipwa, fedha zimo kwenye akaunti ya Uswisi, vifuko vimeondolewa, mkataba umetimizwa neno kwa neno. Sasa dhuluma iko wapi?

Dada akamwomba afungue ukurasa wa mwisho ataje Case alizitumiaje zile fedha. Kijana akasoma: sehemu kubwa ilinunua kongosho na ini vipya, iliyobaki ikanunua mashine mpya ya kuingilia mtandaoni na tiketi ya kurudi alikotoka.

"Kongosho na ini la kwanza vilikuwa na kasoro gani?"

Kijana akarudi mwanzo wa kitabu, akakaa anapekua. Kumbe kwenye ule upasuaji wa Armitage waliingiza na hilo: walibadilisha mwili wa Case ili dawa zake za kulevya zisimfanyie kazi tena, asije akawaharibia ratiba. Hakuulizwa. Kwa hiyo mshahara wake mwingi ulikwenda kufuta marekebisho ya mwajiri, na uliobaki ukanunua zana za kazi.

"Halafu?" dada akauliza.

"Halafu akapata kazi nyingine," kijana akasema, akakifunga kitabu.